Hela Yenye Tarehe

Mimi ni mjukuu wa mlengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Nimelisema hilo mbele ya wenzangu chuoni, nimelisema kwa mchumba wangu siku aliponiuliza nimelelewa na nani, na leo nalisema hapa, maana nimechoka kuwasikia watu wenye mishahara wakidai kwamba maskini akipewa hela mkononi ataimalizia kilabuni. Bibi yangu alipewa hela mkononi. Nilikuwepo, nilizihesabu noti pamoja naye juu ya mkeka, na kazi niliyo nayo sasa, uuguzi katika zahanati moja ya mkoa huuhuu wa Mwanza, imetokana na noti zile.

Kijiji chetu kipo wilayani Magu, ufukweni mwa Ghuba ya Speke. Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma unapita Igoma, Kisesa na Nyanguge, kisha unaiacha lami na kushuka kuelekea ziwani kwa bodaboda. Watu wa kwetu wanalima pamba, mpunga kwenye majaruba, muhogo na viazi. Wenye uwezo wanafuga ng'ombe. Asiye na ng'ombe wala shamba la maana anaishi kwa ziwa, na sisi tulikuwa wa kundi hilo. Babu alikuwa amefariki. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Mama mdogo alikwenda Geita kutafuta maisha, akaacha watoto wake wawili. Basi tukawa watatu kwa bibi, na bibi alikuwa ameshavuka miaka sitini.

Alikuwa anaanika dagaa wa watu.

Kazi hiyo inaonekana nyepesi kwa mtu anayewakuta dagaa sokoni Kirumba wakiwa wamepimwa kwenye sado. Mitumbwi inarudi alfajiri baada ya wavuvi kukesha na taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa wanaufuata mwanga na wavu unawakusanya. Kukipambazuka mwalo unakuwa umejaa watu. Mwenye mtaji ananunua ndoo zake. Asiye na mtaji anasimama pembeni akingoja mwenye mtaji amwite. Bibi alikuwa wa kuitwa. Alibeba ndoo kutoka mtumbwini, akawatandaza dagaa mchangani, akawageuza jua lilipopanda, akafukuza kunguru na yangeyange, na jioni akawaanua na kuwapepeta mchanga. Ujira wake ulikuwa bakuli moja la dagaa, mara nyingine na shilingi mia chache juu yake. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, ujira haukuwepo, kwa kuwa dagaa waliolowa wanaoza na kuishia kuuzwa kama chakula cha kuku.

Palikuwa na jambo lingine pale mwaloni ambalo sisi wasichana tulilijua mapema. Mwanamke asiye na hela ya ndoo anaweza kuipata ndoo kwa mwenye mtumbwi kwa njia nyingine. Upande wa Kenya, kwa Wajaluo, jambo hilo lina jina, jaboya, na wataalamu wa Ukimwi wameliandika sana. Huku kwetu linafanyika tu, na watu wanatazama pembeni. Mama mdogo alilipitia kabla hajakimbilia Geita. Bibi alijua. Hakuwa na cha kumpa ili aache, na sijawahi kuona mtu akinyamaza kwa uchungu kama bibi alivyonyamaza jioni zile mama mdogo aliporudi na ndoo kichwani.

La tatu naliandika kwa uzito wake. Usukumani kuni ni adimu. Bibi alipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ndani ya kijumba kisicho na dirisha, miaka nenda miaka rudi, na moshi ule uliyafanya macho yake kuwa mekundu. Msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa macho mekundu ya kikongwe yamewahi kuleta nini huku kwetu. Mwaka mmoja mvua iligoma, pamba ikanyauka, na mtoto wa ukoo wetu akafariki kwa homa. Maneno yakaanza. Mjomba mmoja, mtoto wa kaka yake marehemu babu, aliacha kula nyumbani kwetu. Akipita hakusalimia. Siku moja nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba kikongwe asiye na kitu, halafu hafi, lazima kuna anachokula. Nilikuwa na umri wa kuelewa. Kuanzia siku hiyo nilihamishia mkeka wangu mlangoni, nikawa nalala hapo.

Mwaka 2015 wawezeshaji walifika kijijini. Kabla ya hapo TASAF kwetu ilikuwa jina la kwenye kuta za majengo. Mfuko huo ulianzishwa mwaka 2000, na miaka yake ya mwanzo ulijulikana zaidi kwa madarasa, zahanati na visima. Awamu ya tatu ndiyo iliyoleta Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwezi Agosti 2012, baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2010 Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Uliitishwa mkutano wa hadhara, na watu wakaombwa wazitaje kaya zilizo duni kuliko zote. Ni kitu kigumu kusikia jina la bibi yako likitajwa mbele ya kijiji kizima, na kijiji kizima kikaitikia "Ndiyo" bila hata mmoja kubisha. Bibi alikaa ameinamisha kichwa, anavuta uzi wa kanga yake. Baadaye wakaja nyumbani na dodoso: mnakula mara ngapi kwa siku, paa ni la nini, mna kitanda, mna redio, mna mfugo gani.

Kabla ya malipo ya kwanza uvumi ulitangulia. Ikasemwa kwamba hela zile ni za Freemason na kwamba atakayezipokea atadaiwa mjukuu. Uvumi wa namna hiyo si wa kwetu peke yetu. Ng'ambo ya ziwa, Homa Bay, watu wengi walizikataa fedha za shirika la GiveDirectly kwa hofu ileile. Jirani mmoja alikuja kumwonya bibi kwa nia njema kabisa. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mwenzangu, nimezika wanangu wawili kwa kukosa nauli ya kuwafikisha hospitali. Hao Freemason watanichukulia nini ambacho umaskini haujakichukua?"

Kiasi chenyewe hakikuwa kikubwa. Ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi aliyehudhuria masomo aliongeza 2,000, na wa sekondari ya chini 4,000. Sisi watatu tulikuwa wa msingi, hivyo bibi alipata 20,000 kwa mwezi, zikitolewa kwa mkupuo wa miezi miwili: shilingi 40,000. Zigawe kwa watu wanne na siku sitini, utapata shilingi 170 hivi kwa mtu kwa siku. Kuna watu wakisikia hesabu hiyo wanatikisa kichwa na kuuliza hela hiyo inabadilisha nini. Naomba wanisikilize.

Siku ya malipo meza iliwekwa chini ya mti karibu na ofisi ya mtendaji, askari akasimama kando. Walengwa, wengi wao wanawake, walikaa kwa mstari na vitambulisho vyao. Bibi hakujua kusoma. Alichovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi taratibu, kwa uangalifu, kisha akakiangalia kidole kile kwa muda. Alizipokea noti kwa mikono miwili, akazifunga pembeni mwa kanga, fundo juu ya fundo, na njia nzima ya kurudi nyumbani mkono wake haukutoka pale kwenye fundo.

Malipo ya kwanza tuliyala. Unga wa muhogo, mafuta, chumvi, sabuni, na deni la jirani. Wapo wanaohesabu chakula kuwa hela iliyopotea kwa sababu hakionekani wageni wakija kukagua. Mimi nakumbuka jinsi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alivyoacha kusinzia darasani. Mwalimu wake alimpeleka mbele siku moja asome ubaoni, na alisoma. Alikuwa anajua kusoma siku zote, ila njaa haikumwacha.

Malipo yaliyofuata yalitununulia viatu na madaftari. Baada ya hapo bibi alianza kuficha. Kila malipo alitenga noti kadhaa ndani ya kopo la maziwa ya unga lililofukiwa karibu na mafiga. Kisha asubuhi moja, msimu wa giza, alishuka mwaloni, na alipoitwa na tajiri wake wa siku zote akajibu kwa adabu kwamba leo ana shughuli yake. Akanunua ndoo yake mwenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, maana mambo yote yaliyotupata baadaye yalianzia kwenye ndoo ile. Bibi alikuwa ameanika dagaa karibu maisha yake yote na alijua vitu ambavyo matajiri waliomwajiri hawakuvijali. Alijua dagaa wa mchangani wanabeba mchanga, na mnunuzi wa Mwanza akiwatafuna na kusikia mchanga anashusha bei papo hapo. Akamwomba kijana wa jirani amchimbie miti, akatandaza juu yake nyavu kuukuu alizookota, akapata chanja. Dagaa wa chanja wanapata upepo juu na chini, wanakauka upesi, wanang'aa kama fedha. Mvua ikitishia unakunja wavu wote pamoja na dagaa wake na kukimbilia ndani. Na alijua la pili, lililo kubwa zaidi: mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni, na dagaa mkavu anapanda bei. Kila mtu mwaloni anajua hilo. Mwenye njaa hawezi kulitumia. Anaanua jioni na kuuza jioni ileile, kwa sababu watoto hawajala tangu asubuhi, na wachuuzi wanaomjia wanaijua njaa yake kuliko anavyoijua yeye mwenyewe.

Bibi aliweza kungoja. Gunia lake lilikaa ndani hadi mwezi ulipojaa. Mchuuzi wa kwanza alipokuja na bei ya kiangazi chote, bibi alimkaribisha kiti, akamsikiliza, akasema, "Hapana, baba. Rudi keshokutwa." Nilikuwa nyuma ya mlango. Sikuwahi kumsikia bibi akimwambia mtu mwenye hela "hapana". Mchuuzi yule alirudi, na bei ilikuwa nyingine.

Kilichomwezesha kungoja ni tarehe. Faida ya gunia moja isingetosha, lakini bibi alijua kwamba gunia hata lisipouzwa, malipo ya TASAF yapo mbele. Mwenye duka naye alijua. Zamani tukitumwa sukari ya mkopo tulirudi mikono mitupu, na alikuwa na haki yake, kwa maana tungemlipa kwa nini? Sasa jina la bibi liliingia kwenye daftari la duka. Alikopeshwa kiberiti, unga, mafuta ya taa, akalipa siku ya malipo kabla hajaulizwa. Fedha inayokuja mara moja kwa huruma ya mtu inaliwa kwa hofu. Fedha yenye tarehe inampa mtu nafasi ya kupanga, na bibi alipanga kuliko wasomi wengi ninaowafahamu.

Kisha akaja mjomba.

Ilikuwa msimu wa kupulizia pamba, wadudu wameingia, naye hakuwa na hela ya dawa. Alisimama uani kwa muda, kofia mkononi, halafu akapiga magoti kidogo. "Shikamoo mama." Bibi aliitikia kana kwamba alisalimiwa naye jana. Akampa kigoda, akaniagiza nimletee maji, na alipokwisha kunywa ndipo akamuuliza shida yake. Alimkopesha shilingi 15,000 bila riba. Mjomba alizirudisha msimu wa kuuza pamba ulipofunguliwa, pamoja na kuku mmoja, na tangu siku hiyo alirudi kula nyumbani kwetu. Maneno ya macho mekundu sikuyasikia tena kinywani mwake wala kwa mtu mwingine wa ukoo. Mimi nilirudisha mkeka wangu ndani.

Nilipokuwa chuo cha uuguzi nilipewa kazi ya kuandika katika somo la afya ya jamii, nikachagua jambo hili la vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na hapo nikakutana na utafiti wa Edward Miguel, mchumi wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2005. Aliufanya Meatu, kwa Wasukuma wenzetu, si mbali sana na Magu. Alikuta kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi yalikuwa mara mbili ya miaka mingine, na waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, mara nyingi kwa mkono wa ndugu zao. Moja ya mapendekezo yake lilikuwa kwamba wazee wapewe pensheni, ili nyumba imwone mzee kama anayeleta, si anayepunguza. Nililia nikiwa maktaba, na sioni haya kulisema. Mtu aliyetoka mbali alikuwa ameandika kwa tarakimu kile kilichonifanya nilale mlangoni nikiwa mtoto.

Zanzibar imeshafanya hivyo. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi inampa pensheni kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea, bila kumuuliza kama amewahi kuajiriwa wala kumpima umaskini wake. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku Bara mzee wa kijijini anategemea ama watoto wake ama jina lake kuingia katika orodha ya kaya maskini, na orodha yoyote inayochora mstari humwacha nje mtu anayeishi hatua moja juu ya mstari huo. Kwa takwimu za serikali za mwaka 2017/18, asilimia 8 ya Watanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa chakula, na asilimia 26.4 chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Kati ya namba hizo mbili wapo vikongwe wengi wenye macho mekundu. Ningependa Bara tujifunze kwa ndugu zetu wa Visiwani, na ningependa tulifanye hilo kabla ya ukame mwingine.

Kuhusu pombe, ambayo ndiyo hoja ninayotupiwa mara nyingi, watafiti David Evans na Anna Popova walizipitia tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali na hawakuona kwamba watu wanaopewa fedha wanaongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Katika majaribio ya kwetu ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, vijiji 40 vilivyopewa fedha vililinganishwa na 40 vilivyongoja. Kaya zilizopewa zilijiunga zaidi na bima ya afya ya CHF, zikaongeza kuku, na watoto wao walikuwa na viatu zaidi. Nilipofika kwenye viatu niliweka kalamu chini. Bibi naye, CHF iliyoboreshwa ilipokuja, ile ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, aliilipia kwa hela ya dagaa wa mbalamwezi, na safari yake ya kwanza nayo ilikuwa ya kutibiwa macho.

Nami sasa nikiwa wodini na akina mama, utafiti ninaoufikiria zaidi ni wa Siaya, upande wa Kenya wa ziwa hilihili. Kati ya mwaka 2014 na 2017 GiveDirectly ilizipa kaya zaidi ya 10,500 karibu dola 1,000 kila moja, bila sharti lolote. Wachumi walioufuatilia mpango huo, Miguel akiwa mmojawao, walikadiria kwamba kila dola iliyoingia ilizaa karibu dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo lile, kwa sababu mwenye hela alinunua kwa jirani, na jirani akanunua kwa jirani mwingine. Hata waliokosa walifaidika. Mwaka 2025 wakatoa matokeo mengine: vifo vya watoto wachanga wasiofikisha mwaka mmoja, katika kaya zilizopewa, vilipungua kwa karibu nusu. Mama mjamzito aliweza kupumzika kazi nzito miezi ya mwisho, na aliweza kufika hospitali kujifungua. Matokeo yalikuwa makubwa zaidi kwa walioishi karibu na kituo chenye daktari.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa kuwa naliona kila zamu. Hela haitibu mahali pasipo na wahudumu wala dawa. Lakini nimempokea mama aliyechelewa siku nzima nyumbani akitafuta nauli ya bodaboda, wakati sisi tupo, dawa zipo na kitanda kipo. Alikuwa na akili timamu, alikuwa na kadi ya kliniki iliyojazwa vizuri, alikuwa amesikiliza mafunzo yote tuliyompa. Nauli ndiyo hakuwa nayo. Mtoto wake hatukumuwahi. Kila ninapomsikia mtu akisema kwamba maskini wanahitaji elimu kwanza kabla ya kupewa fedha, namkumbuka yule mama na ile kadi yake.

Mpango wetu ulikuwa na masharti: mtoto ahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo, wadogo wapelekwe kliniki, na asiyetimiza anakatwa. Najua yaliwekwa kwa nia nzuri, na najua walipa kodi wanataka kuhakikishiwa. Kwa nyumba yetu hayakuongeza kitu. Bibi asiyejua kusoma alitupeleka shule kabla ya sharti lolote, na siku tulizokosa ni siku ambazo sare ilikuwa moja inafuliwa au tumbo lilikuwa tupu. Ninaheshimu wanaofikiri vinginevyo, lakini mimi nimelelewa na mlengwa, na ninaamini mtu aliyeweza kulea watoto watatu kwa bakuli la dagaa ameshathibitisha kwamba anaweza kuaminiwa na noti nne za elfu kumi.

Nilifaulu kwenda sekondari mwaka 2017, ada ikiwa imeshaondolewa mwaka mmoja kabla. Sare, daftari na michango mingine vilitoka kwenye chanja. Nyumba yetu iliendelea kuwa ya nyasi kwa muda mrefu. Bati lilikuja mwisho kabisa, kwa mshahara wangu. Nalitaja hilo kwa sababu wakaguzi wa huruma hupenda kuona bati. Bibi aliona heri anunue ndoo ya pili kwanza.

Siku hizi yeye si mlengwa tena. Mimi ndiye ninayemtumia, kila tarehe 25, kwa simu. Mshahara ukichelewa nakopa kwa wenzangu ili tarehe isipite. Mchumba wangu aliwahi kuniuliza, kwa upendo tu, kwa nini nisimnunulie unga na sukari nikampelekea, niwe na hakika vimefika. Nilimjibu kwamba bibi anajua kununua unga kuliko mimi. Mwaka jana mama mdogo alirudi kutoka Geita, amechoka, hana kitu. Bibi alitenga hela kwenye niliyomtumia, akampa mtaji wa ndoo tatu, na wala hakuniambia. Nilikuja kujua siku mama mdogo mwenyewe aliponipigia simu, sauti yake inagongana na kelele za mwaloni, kuniuliza kama namfahamu mtu Kirumba anayenunua dagaa wasio na mchanga.